Jinsi Rehema Alivyoingia Kwenye Injili

Mkicheka mna haki, maana hadi leo nikipita Shelui kuna kina mama wananiita Mwinjili wa Tano, na si kwa sifa.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa minadani, na mimi kijana wa kwaya nimenunua koti lenye mabega mapana kuliko mlango wa kwetu, nikapewa kusoma Ijumaa Kuu habari ya Petro kumkana Bwana. Kwenye Biblia kubwa ya kanisani kurasa hizo zilishaliwa na mchwa, basi nikanakili habari yote kwa mkono kutoka Biblia ya mchungaji. Sasa, mwezi uleule mwalimu mmoja mgeni alitufundisha kwamba zamani Injili zilinakiliwa hivyohivyo, mtu anaandika maelezo yake pembeni, anayemfuata anadhani ni Neno, anayaingiza ndani. Niliwacheka sana wale wanakili (nilicheka kuliko wote), halafu nikarudi nyumbani nikaandika pembeni: hapa nyamaza, kina mama walie. Chini yake: hapa mtazame Rehema.

Rehema alikuwa binti wa Mzee Mkumbo, mzee wa kanisa, na nilishaapa moyoni kwamba baada ya Pasaka natuma washenga, kwa hiyo nilitaka siku ile baba mtu anisikie. Nikafanya mazoezi shambani wiki nzima, nikiwasomea ndege wa mtama kwa sauti ya kuwafukuzia, hata Ijumaa Kuu nikaamka sauti hamna, natoa upepo mtupu. Mchungaji akachukua karatasi yangu, akampa nani? Mzee Mkumbo.

Mzee yule akisoma hapunguzi kitu. Alipofika uani, Petro anaota moto na kijakazi amemkazia macho, akasoma kwa sauti ileile nzito, "Hapa nyamaza, kina mama walie." Kina mama, watu watiifu, wakalia kweli, mmoja akaanguka kabisa. Nikampungia Mzee mikono ndani ya lile koti aache kusoma, wakadhani nimeguswa na Roho.

"Hapa mtazame Rehema."

Kanisa zima likageuka. Rehema akavuta kanga usoni. Baba yake akavua miwani, akauliza, "Rehema gani huyu?"

Nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Bibi mmoja wa benchi la mbele (hajui kusoma, lakini hakuna asilolijua) akajibu kwamba ni huyo kijakazi, ndilo jina lake. Mzee akaridhika, akachomoa kalamu akaandika hivyo kwenye karatasi, akaurudia mstari vizuri: kijakazi mmoja, jina lake Rehema.

Baada ya ibada nilimwamkia Mzee kwa mnong'ono, nikakiri yote, maana aibu ilikuwa inanichoma kuliko hofu. Akalitazama koti, bega hadi bega.

"Kijana, umempitisha binti yangu kwenye Injili kabla wewe hujapita nyumbani kwangu. Lete wazee wako."

Wakaenda, na mbuzi wa faini akaenda nao, na Rehema nikampata.

Ila ile karatasi iliazimwa na usharika wa jirani, ikanakiliwa, ikaazimwa tena. Miaka mingi baadaye tulisali Ijumaa Kuu Kiomboi, mimi na mke wangu, na msomaji, mama tusiyemjua kabisa, akasoma bila kusita: kijakazi mmoja, jina lake Rehema. Mabibi wa benchi la mbele wakatikisa vichwa kukubali. Mke wangu akanifinya paja.

"Miaka yote hii mimi ni kijakazi?"

Tangu siku hiyo pembeni mwa karatasi naacha peupe, na nikiwa na neno kwa Rehema namwambia kwa mdomo, tena taratibu, nikitunza sauti.