Kalavati la Awamu ya Pili

Wiki iliyopita nilikuwa Dumila, nimeshuka kwenye basi ninunue nyanya, simu ikaita. Alikuwa mke wa rafiki yangu wa Mikumi, mama ambaye kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kunipigia yeye mwenyewe. "Shemeji," akasema, "mwenzako ametuacha asubuhi hii." Nikamuuliza imekuwaje. Akaniambia ni kiharusi; mumewe alikuwa anafunga kamba za viatu, akaegemea ukuta, na hakusema neno tena. Muuza nyanya alikuwa ameshanifungia mfuko, ananitazama. Nilipomwambia nimefiwa, alisema, "Pole sana, baba," akaurudisha mfuko mezani bila kuuliza kitu. Tulimzika kwao Lumuma, milimani, jirani na kanisa alilobatiziwa. Wasifu uliosomwa pale ulikuwa mfupi na safi: alisoma shule ya misheni, akaajiriwa, akaratibu miradi ya maendeleo vijijini katika wilaya ya Kilosa, akastaafu mapema. Hakuna aliyeeleza kwa nini alistaafu mapema. Mjane wake ameniruhusu nieleze.

Nilifahamiana naye kwenye semina moja pale Kilosa mjini, yeye akiwa mwezeshaji, mimi nimetumwa na gazeti. Hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa mkavu, hacheki ovyo, na ukichelewa baada ya chai alikuwa anakuuliza mbele ya watu ulikuwa wapi. Lakini alifundisha kwa maneno ambayo mkulima yeyote angeyaelewa. Alisema mradi una mwanzo na mwisho, tofauti na kazi za kila siku. Una watu wanaolengwa, na lazima uwajue. Na ndani yake kila shughuli inaisubiri nyingine. Alitoa mfano wa kwao. "Huwezi kuhamisha miche ya vitunguu leo," alisema, "halafu kesho ndiyo uanze kuchimba mfereji wa kuimwagilia. Miche haitakusubiri." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akaendelea kuandika ubaoni.

Miaka michache baada ya semina ile alipewa mradi wa wodi ya wazazi katika kijiji kimoja cha milimani ambacho sitakitaja. Zahanati ya kijiji hicho iko upande mmoja wa korongo, na kaya nyingi ziko upande wa pili. Kiangazi unavuka korongo lile kwa miguu bila kulowa. Masika linajaa ghafla, maji yanashuka na magogo, na kijiji kinakatika vipande viwili. Katika mkutano wa kamati ya ujenzi rafiki yangu alipendekeza waanze na kalavati, ili watu wapate pa kupita, na wodi ifuate kiangazi cha pili. Mwenyekiti wa kamati alimjibu kwa upole. "Mratibu, watu hawa wameahidiwa mambo tangu mimi kijana. Wakiona ukuta unapanda watabeba mawe na mchanga. Ukiwaambia wabebe mawe ya kalavati, watauliza wodi iko wapi." Mama mmoja mjumbe akaongeza, "Baba, sisi tumejifungulia kwenye mikeka miaka yote. Tujengee wodi kwanza, kuvuka tutavuka."

Yalikuwa maneno ya watu wenye haja ya kweli, na alinieleza mara nyingi kwamba hakuwahi kuwaona wabaya. Ofisini kwake nako walitaka jengo, kwa kuwa jengo linaonekana na mgeni rasmi anaweza kulikatia utepe. Akakubali. Katika andiko la mradi, sehemu ya vihatarishi, akaandika kwamba korongo linaweza kujaa masika, na mbele yake akaandika kwamba kalavati litajengwa awamu ya pili. Wote wakasoma, wote wakasaini, wakaenda kula.

Wodi iliisha kabla ya mvua. Ilikuwa nzuri, bati la bluu, vitanda vipya, na siku ya uzinduzi akina mama waliimba mpaka sauti zikawakauka. Masika yaliyofuata, asubuhi moja, mwanamke mmoja wa upande wa pili alishikwa na uchungu. Mumewe na majirani walimbeba kwenye machela ya miti na blanketi mpaka ukingoni, wakakuta maji yamepanda. Rafiki yangu alikuwa kijijini kwa ukaguzi, akaitwa. Akasimama ukingo wa huku pamoja na nesi, na familia ile ikasimama ukingo wa kule, na bati la bluu wote wanaliona. Nesi alipiga kelele kuwaelekeza wamlaze vipi, wamshike wapi. Maji yalikuwa yanameza maneno yake. Mama mkwe wa yule mwanamke alikuwa akijibu kitu, na kitu hicho nacho hakikusikika. Vijana wawili walijaribu kuvuka na kamba, wakarudishwa na magogo. Kabla ya adhuhuri, wale wa ng'ambo wakavua kanga zao wakazitandaza juu ya machela. Nesi akakaa chini kwenye matope. Mtoto naye hakupona.

Baada ya mazishi, mume wa marehemu alikwenda ofisini Kilosa. Rafiki yangu alinisimulia mazungumzo yale kwa sauti ileile kila mara, kama anayesoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ukae. Pole sana, kijana wangu."

"Nimeshapoa. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Mlijua kama maji yatatukata?"

"Tulijua."

"Mliliandika?"

"Tuliliandika."

Yule mtu akashukuru kwa kujibiwa, akaaga. Rafiki yangu alisema afadhali angempiga.

Hakulala vizuri tangu siku hiyo. Aligombana na kila mkubwa wake mpaka kalavati likajengwa, akasimamia mwenyewe kila jiwe, na lilipokabidhiwa kijijini aliandika barua ya kuacha kazi. Akahamia Mikumi, kwa wakwe zake, akaanza kusaidia vikundi vya vijana kupanga miradi yao bila malipo. Ningependa kuwaambia wasomaji wangu kwamba huko alipata amani, ila haikuwa hivyo. Kikundi kimoja kilitaka kuweka uzio wa mizinga ya nyuki kuzuia tembo wanaotoka hifadhini kula mahindi, kwa kuwa tembo humwogopa nyuki. Vijana walikuja na hamu. "Mzee, tuanze na fulana na uzinduzi, tupate mzuka," mmoja akasema. Akamjibu, "Tembo akija leo, fulana itamfanya nini?" Hapo alikuwa sahihi. Lakini akawarudisha mezani tena na tena: nyuki wakihama je, mwenye shamba la jirani akikataa je, mvua ikichelewa je. Kila kihatarishi walichokijibu kilimzalia kingine. Mahindi yakakomaa, wao bado wanapanga. Tembo walipita, shamba likawa vumbi na mabua. Kijana yule wa fulana alikuja kumwambia, bila ukali, "Mzee, shikamoo. Sisi tumeacha." Rafiki yangu aliitikia marahaba, akakaa barazani siku nzima. Nilipomtembelea aliniambia, "Kule nilinyamaza nikaua. Hapa nimesema mno, watu watalala njaa. Mimi sasa nifundishe nini?"

Nimelifikiria swali lake tangu tulipomfukia. Tumejifunza lugha ya mipango: malengo, mpango kazi, vihatarishi, tathmini. Ofisi zetu zimejaa watu wanaojaza fomu zake vizuri. Lakini kuliandika tatizo kumegeuka njia ya kulitua, na awamu ya pili imekuwa mahali pa kupeleka kila kitu kigumu, kisichopigwa picha, kisicho na utepe. Tunajenga madarasa tukisahau maji ya kunywa, tunanunua mashine kijiji hakina fundi, tunakabidhi na kuondoka. Kisha hutokea mmoja mwenye dhamiri, inamvunja, naye anaogopa kuanza chochote tena, na hasara inarudi kwa walewale.

Kwa hiyo nasema hivi, kwa wanakamati na maofisa wanaosoma safu hii. Mnapopanga, mwazieni mtu mmoja aliye mbali kuliko wote, katika siku mbaya kuliko zote za mwaka, na mjiulize atafikaje kwenye hicho mnachomjengea. Jibu mtakalolipata ndiyo kazi ya kwanza. Liwekeni mbele hata kama hakuna wa kulipigia makofi. Yaliyobaki, ambayo hamuwezi kuyajua, yaacheni yabaki bila kujulikana, mchukue majembe muanze, kwa sababu msimu nao unakwenda. Rafiki yangu aliyajua yote mawili, kila moja kwa wakati wake, na kila moja baada ya watu kuumia. Sisi tuliobaki hatuna kisingizio cha kusubiri mtu mwingine afe ndipo tuyajue.