Siku Niliyompa Mwalimu Saa ya Maji

Juma lililopita mwanangu alirudi nyumbani na raba zimejaa tope la mikoko, akaziacha mlangoni, na harufu ikaingia mpaka chumbani. Mnaoijua harufu hiyo hamna haja ya kuelezwa. Msioijua, fikirieni yai viza lililotiwa chumvi. Nilimfokea, kisha nikaketi kitandani, mie mtu mzima, naogopa tope. Basi leo nitawaambia. Nimekihadithia kisa hiki mara nyingi harusini na matangani, watu wakacheka na wakashangaa, lakini kila mara niliruka lile ninalolionea haya.

Nilikuwa darasa la sita, Likoni, upande wa Bofu. Mwaka ule alikuja mwalimu kutoka bara, Mwalimu Wafula, mrefu, mwembamba, mwenye filimbi shingoni hata akienda kununua mkate. Siku ya kwanza aliuliza darasani nani anapenda kukimbia. Hakuna aliyeinua mkono. Sisi na mbio wapi na wapi? Kwetu mtu akikukuta unakimbia anakuuliza nani amekufa. Hakukata tamaa. Alichagua wasichana sita, mimi mmojawapo kwa ajili ya urefu wa miguu tu, akasema muhula ukiisha tutakwenda mashindano ya shule.

Mkimbiaji wa kweli kati yetu alikuwa Kadzo. Baba yake alikuwa kibarua, wamehamia kutoka upande wa Kaloleni, na tulikaa dawati moja. Kadzo alikimbia kama mtoto aliyeitwa kula. Hakuhema, hakutoa ulimi, na akimaliza alikuwa akitungoja ameshika kiuno, anatucheka. Mwalimu alimwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo, iko shule ya bweni itakayomchukua kwa miguu yake.

Tulijaribu njia zote. Ya barabarani ilikuwa na malori, vumbi, na vijana wa kutupigia miluzi. Ya mashambani, katikati ya minazi na mihogo, ilikuwa na kivuli kizuri, lakini mizizi ilitung'oa kucha, na palikuwa na mbwa mmoja asiyependa mtu mwenye haraka. Ndipo nami nikajitia kimbelembele.

"Mwalimu," nikasema, "kuna fungu."

Ng'ambo ya mikoko, maji yakipwa, bahari hurudi nyuma ikaacha uwanda wa mchanga mtupu, umelala sawa kama meza, mgumu na baridi chini ya nyayo. Hakuna gari, hakuna mbwa. Ila kati ya ufuko na fungu kuna mkondo. Maji yakiwa yamekauka, unauvuka na maji hayakufiki magotini. Yakianza kujaa, mkondo ndio unaojaa kwanza, nyuma ya mgongo wako, na wewe umesimama pakavu unajiona mjanja.

Saa za maji nilifunzwa na Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akienda kuokota chaza huko. Bibi hakuwa mtu wa maneno matamu. "Mwezi ukiandama, siku ya mosi na ya kumi na tano, maji yamekauka saa nne asubuhi," aliniambia. "Kila siku moja mbele, ongeza robo tatu ya saa. Na tangu kukauka hesabu muda wa saa moja na nusu, uwe umeshavuka kurudi. Ukichelewa, usiniletee maiti mie."

Mwalimu Wafula hakujua lolote katika hayo. Maji ya kwao ni ya mito, hushuka tu, hayarudi. Kwa hiyo kila Ijumaa aliniita mbele ya wenzangu, akafungua daftari na kuniuliza, "Maimuna, kesho maji saa ngapi?" Nami nikajibu, naye akaandika. Hebu fikirieni, mwalimu mzima anaandika ninalosema! Kichwa kikanivimba. Wenzangu wakaniita Bi Maji, nikajifanya nimeudhika, na kumbe nililalia jina hilo kama mto.

Sasa sikilizeni palipoharibika. Mwishoni mwa Ramadhani mama alijifungua. Nyumba ikajaa wageni na kilio cha kichanga, mie nikapelekwa kukaa kwa Ami Salim, ndugu yake baba. Bibi alifunga na kufungua kwa mwezi ulioonekana hapa hapa kwetu. Ami alifuata mwezi wa Maka. Kila mwaka walibishana mpaka uji ukapoa. Mwaka ule Idi ya kwa Ami ilitangulia kwa siku moja, nami nikala biriani huko ilhali Bibi bado amefunga, kisha kesho yake nikala tena kwa Bibi, nguo mpya mara mbili. Niliona ugomvi wa watu wazima una neema yake.

Alhamisi moja, wiki mbili baada ya Idi, nilimuuliza mke wa ami jikoni, "Jumamosi itakuwa mwezi ngapi?"

"Kumi na sita," akajibu, anakuna nazi.

Nikapiga hesabu yangu. Ijumaa nikamwambia Mwalimu maji yatakauka saa tano kasoro robo, na mpaka saa sita na robo tuwe tumesharudi. Akaandika. Haikunipitikia hata kidogo kwamba hesabu ni ya Bibi na mwezi ni wa Ami, na kwamba kwa mwezi wa Bibi ile Jumamosi ilikuwa kumi na tano, maji kukauka saa nne kamili.

Tulifika mkondoni saa nne na robo. Jua kali, mchanga unameta, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni. Maji yalikuwa chini kabisa, na yalikuwa yamesimama. Jani la mkoko lilikuwa juu yake, haliendi huku wala kule. Bibi aliniambia mara nyingi kwamba maji yakisimama hivyo yamemaliza kushuka, yanapumzika kabla ya kugeuka. Kwa saa niliyoitoa mimi, yalitakiwa yawe bado yanakwenda baharini.

Niliona. Hilo ndilo ninaloliruka siku zote. Niliona, kisha nikageuza macho kwa kaa.

Kadzo aliona pia. "Mbona hayaendi?" akaniuliza.

Mwalimu alikuwa ametoka kuniita hodari mbele ya wote, si dakika mbili zilizopita. Nikamwambia Kadzo, "Yatashuka bado." Akaingia majini nyuma yangu.

Tukakimbia. Mzunguko wa fungu ulikuwa mrefu, na Mwalimu alisimama upande wa bahari na saa yake mkononi. Mchanga ulikuwa na mikunjo iliyotufinya nyayo, na kila mguu ulioinuka ulirusha maji mgongoni. Siku nyingine ningefurahi. Siku ile kila nilipopita upande wa mkondo nilitazama. Mzunguko wa pili, jani halikuwepo. Wa tatu, gogo nililokuwa nimelikalia kufunga nywele lilikuwa limelowa nusu. Wa nne, sikuliona gogo. Nikajiambia nimekosea mahali. Bado sikusema kitu, wallahi, na miguu iliendelea kukimbia yenyewe kwa sababu kusimama kungekuwa kukiri.

Kadzo ndiye aliyesema. Alikuwa mbele yetu kama kawaida, akasimama ghafla, akapiga ukelele: "Mwalimu, maji!"

Saa sita ilikuwa haijapita, kwa saa ya Mwalimu. Mkondo ulikuwa mpana mara tatu na unakwenda mbio kuelekea bara, na povu juu. Wenzetu wanne walikuwa watoto wa hapo, walijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Wakajitupa, maji yakawachukua, wakatokea ng'ambo mbali wakishika mizizi. Tukabaki watatu.

"Kadzo, unaweza kuogelea?" Mwalimu akauliza.

"Siwezi."

Mwalimu akavua filimbi akaiweka mfukoni. "Mimi pia siwezi," akasema taratibu. Kisha akanigeukia, na hata wakati ule akaniuliza mimi: "Maimuna, tupite wapi?"

Niliwapeleka juu kidogo, anapopita Bibi, penye mwamba chini. Mwalimu alimpandisha Kadzo mabegani. Mie nikatangulia, naogelea na kupapasa chini kwa vidole vya miguu. Maji yalimfika kiunoni, kifuani, kwenye kola ya shati. Nilimsikia akihesabu hatua zake kwa sauti. Tulikuwa tumeshavuka zaidi ya nusu alipoteleza.

Sijui ilikuwa muda gani. Nilimwona Mwalimu anazama, na Kadzo hakuwepo. Nikapiga mbizi macho wazi, tope tupu, nikapata kitambaa mkononi, nikakishika. Ilikuwa fulana ya Kadzo. Nikavuta, mkondo ukavuta, kisha mkono mkubwa ukatubeba sote wawili kutoka chini, maana Mwalimu alikuwa ameupata mwamba tena, kichwa kiko ndani ya maji, mikono iko juu.

Akatusukuma hivyo mpaka ng'ambo, tukamlaza Kadzo kwenye mizizi ya mikoko. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mwalimu alimgeuza, akampiga mgongoni, akamwita jina lake. Nami nikamwita. Alipotapika maji na kuanza kulia, nililia zaidi yake.

Alilazwa hospitali siku mbili. Maji yalikuwa yameingia mapafuni, na siku ya kwanza hakuna aliyetuambia kama atapona. Nilikimbilia kwa Bibi nikamweleza. Alihesabu kwa vidole.

"Mwezi wa nani huo?"

"Wa Ami."

"Na maji uliyaona?"

"Niliyaona. Yalikuwa yamesimama."

"Basi ulijua," akasema, akarudi kuchambua mchele. Hakunipiga. Laiti angenipiga.

Kadzo alipotoka hospitali, baba yake alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Alisimama barazani mbele ya mwalimu mkuu, na sisi watano tumepangwa ukutani.

"Nataka kujua jambo moja tu," alisema. "Nani aliyepanga saa?"

Nilitazama chini. Mwalimu Wafula hata hakunitazama.

"Mimi," akasema.

Mbio zikakatazwa. Kadzo hakwenda mashindano, wala shule ya bweni haikumchukua. Baba yake alimwambia asikimbie tena, naye alikuwa mtoto mtiifu. Alikuja shule akitembea polepole, nami sikuweza kumtazama akitembea hivyo. Mwalimu alihamishwa muhula ulipoisha. Siku ya mwisho nilimfuata langoni.

"Mwalimu, ahsante kwa kunidanganyia."

"Nimekudanganyia nini?"

"Ulisema ni wewe."

Akatua begi lake chini. "Sikudanganya, Maimuna. Ni mimi."

Nilikasirika! Nilirudi nyumbani nimefura. Bi Maji ni mimi, saa ni yangu, kosa ni langu, na huyu mtu wa bara ananichukulia hata hilo. Ilinichukua miaka mingi, na kuwaona kwa karibu watoto wa miaka kumi na mmoja ambao hawajui hata soksi ya pili iko wapi, ndipo nikaelewa kwamba alisema kweli tupu. Mtu mzima hawapeleki watoto sita baharini kwa neno la mtoto wa saba. Na mie sikuwa hata wa saba, nilikuwa mmoja wa hao hao sita. Aliichukua saa kwa sababu ilikuwa yake tangu mwanzo.

Lakini Mwalimu hakusikia nilichomwambia Kadzo mkondoni. Lile neno lilibaki kwangu. Jana usiku nilimpigia simu Kadzo, siku hizi yuko Mikindani, nikamweleza yote, jani, maji yaliyosimama, na kwamba nilijua. Aliniacha nimalize.

"Nilikuona ulivyoyatazama yale maji," akasema. "Nikaona umeogopa. Halafu ukaingia, nami nikakufuata."