Kitambaa cha Mama Mkwe

Shuleni mwalimu wa Kiingereza alitufundisha neno refu, antimakasa. Ni kitambaa cha kutandika kwenye mgongo wa kiti. Makasa, alisema, yalikuwa mafuta ya nywele waliyojipaka Wazungu wa zamani, yakaitwa jina la bandari moja ya Asia, na "anti" ni kuzuia. Kumbe kazi yake ni kuzuia mafuta ya kichwa. Tulicheka darasa zima.

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa karani hapa Kakamega, nimeoa, na nimenunua makochi mawili ya mahameli ya kijani. Mke wangu alitaka kuyafumia vitambaa. Nilimkataza. Nikamweleza asili ya lile neno kama mtu anayehutubia baraza, nikasema mahameli haifichwi.  Alivifuma hata hivyo kwa uzi mweupe, akaviweka sandukuni. Nami nilijipaka mafuta kichwani kila asubuhi, na jioni nikaegemea, leo kochi hili, kesho lile.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alikuja kutoka Shinyalu kumwona, amebeba kuku na unga wa wimbi. Kwetu mtu hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala mama mkwe haketi anapoketi mkwewe. Nilitokea mlango wa nyuma nikajibanza jikoni. Huko nilisikia yote.

"Mwanangu, hapa penye weusi ndipo mkwe hulaza kichwa?"

Mke wangu alikubali.

"Na pale?"

Na pale pia.

"Basi nitamwona mtoto nikiwa nimesimama, halafu niende."

Asiyeketi hali chakula. Mama angerudi kwao na njaa, na bintiye angebaki na aibu niliyomletea mimi.

Kisha nikasikia sanduku likifunguliwa. "Mama, hiki hakijaegemewa na mtu. Nilikufumia wewe."

Nikasikia kitambaa kikikung'utwa na kutandikwa. Halafu springi za kochi zikalia.

"Huyu mkwe wangu anapikiwa kwa mafuta, au yote anajipaka kichwani?" mama akauliza. Walicheka wote wawili, nami uso ukiniwaka kule jikoni. Alikula, akampakata mtoto mpaka jua likapoa.

Jioni nilikuta makochi yote yamevaa meupe. Niliuliza la mama ni lipi. Mke wangu akanionyesha kwa kidole. Sikuliegemea tena, na hadi leo namshukuru kwa ule uzi alioendelea kufuma.