Matuta ya Mama Bondeni

Mvua ikinyesha, harufu ya tope na mafunjo hupanda kutoka bondeni. Mimi ni mtu wa kukaa ndani, hata chumvi huwaagiza watoto, kwa hiyo harufu hiyo hunikuta kwenye kiti changu na kunirudisha kule, nilipokuwa mtoto.

Ilikuwa asubuhi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Kiongozi wetu alitangaza kwamba bonde linaachiwa maji liwe kinamasi tena, kulima basi, matuta yote yasawazishwe yapandwe mafunjo. Matuta ya viazi vitamu yalikuwa ya mama, na ndiyo yaliyotulisha. Majirani walisimama na majembe yao, wakitazama miguu yao.

"Mama, utusamehe," jirani mmoja alisema.

"Niwasamehe nini? Nyinyi kulima kwenyewe hamjui, mnakuna ardhi tu. Sogeeni!"

Akapiga jembe la kwanza yeye mwenyewe. Watu wakacheka, naye akacheka. Viazi vilikuwa bado vyembamba kama vidole. Niliviokota, nikatafuna kimoja kibichi na tope lake, maana ulafi wangu haukuanza leo. Kisha mama akapanda mafunjo kwa mistari iliyonyooka, kama anayetegemea kuvuna.

Jioni alivichemsha vile viazi vyote. "Kula," aliniambia. Yeye hakula.

Siku hizi bonde lina ndege, na watu huenda kupiga picha.

"Baba, twende na wewe, kumependeza sana!" wanangu husema.

Kweli kumependeza. Huwaambia miguu inauma, nafunga dirisha, harufu ikiwa imeshaingia.