Valvu Iliyofutwa Jina

Fundi cherehani wa mtaa wetu aliitwa Nadhifu, na jina hilo hakulipata kwa bahati nasibu. Mkunjo wa suruali yake ungeweza kukatia mkate. Usafi kwake haukuwa tabia, ulikuwa ugonjwa, na mgonjwa mwenyewe hakutaka tiba.

Sebuleni kwake kulikuwa na radiogramu ya mama mkwe: kabati la mbao, redio upande mmoja, kinanda cha santuri upande wa pili, zito kama jeneza la tajiri. Bibi huyo alipohamia chumba kidogo, kabati liligoma kupita mlangoni, akamwachia mkwewe kwa maneno mafupi: "Nakuachia. Sikupi." Kila Jumapili mchana alikuja kusikiliza santuri zake. Tangu harusi hakuwahi kumwamini Nadhifu kwa kitu kingine chochote, ukimwondoa binti yake, na hata huyo alimtoa kwa kusitasita.

Jumamosi moja Nadhifu alifungua mgongo wa kabati ili amfurahishe mama mkwe. Ndani zilisimama valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama makaa mashine ikifanya kazi, vyote vikiwa na vumbi la enzi na enzi. Vumbi! Nyumbani kwa Nadhifu! Alivichomoa kimoja kimoja, akavisugua kwa kitambaa na spiriti mpaka vikang'aa, akikirudisha kila kimoja tunduni mwake. Cha mwisho kiligoma kurudi. Akakizungusha kama kifungo kikaidi, kikalia tik. Papo hapo lile doa jeusi lenye kung'aa kichwani mwa kioo likageuka jeupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Hewa ilikuwa imeingia. Valvu imekufa.

"Si ununue nyingine," mkewe akasema.

"Namba gani?"

Wote wawili wakatazama kitambaa. Namba zilikuwa zimeandikwa juu ya kioo kwa rangi nyeupe. Sasa rangi ilikuwa kitambaani.

"Mume wangu," mke akasema taratibu, "umeua, halafu ukafuta na jina la marehemu."

Nadhifu akakimbilia kwa fundi redio, mtu mwembamba aliyeitwa Waya. Akampa maiti, akajieleza kwa lugha ya cherehani: "Nataka inayofanana na hii. Urefu huu, unene huu, miguu tisa."

"Unachagua vifungo, ndugu yangu?" Waya akacheka, akaweka valvu mbili mezani. Mapacha kabisa. Moja imeandikwa EZ80, nyingine EZ81. "Kwa umbo, yako ni mojawapo ya hizi. Zote zitaingia. Lakini kuingia si kufaa. Themanini na moja inakula umeme karibu mara mbili ya mwenzake. Ukiiweka kwenye mashine ya themanini, transfoma itamlisha mgeni mlafi mpaka iungue. Na transfoma ya kabati lile huipati hata kwa dua."

"Basi niweke themanini, yenye adabu."

"Kama mashine ni ya themanini na moja, hiyo yenye adabu itabebeshwa mzigo usio wake. Ikipasuka kazini, inaweza kuondoka na transfoma ileile."

"Sasa nifanyeje?"

"Lete kabati nipime."

"Lilibebwa na wanaume sita na ugomvi mmoja."

"Basi muulize mwenye kabati. Si yu hai?"

Nadhifu alimtazama kama mtu aliyetumwa akamuulize simba kama ameshiba. Waya akamfungia zote mbili, pamoja na marehemu. "Isiyotumika unirudishie. Na usibahatishe!"

Jumapili ikamkuta ameketi sakafuni, themanini mkono wa kulia, themanini na moja mkono wa kushoto, jasho kila mahali.

"Mpigie mama simu," mke akasema.

"Nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Huo nao una wakati wake."

"Hodi!" Wakati wake ukawa umefika. Nadhifu akaruka wima, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una nini mgongoni?"

"Karibu kiti, mama."

"Nitakaa. Una nini mgongoni?"

Akasema yote. Alipofika kwenye spiriti, akaelekeza kidevu kwenye kitambaa kilichokuwa mfukoni mwake.

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Nipe marehemu."

Akaisogeza valvu iliyokufa mdomoni, kama anavyofanya akisafisha miwani, akaipumulia: haaa! Kioo kikashika ukungu, na katikati ya ukungu, pale rangi ilipokuwa zamani, maandishi yakajitokeza kama mzuka mwenye haya. E. Z. Nane. Nadhifu akakodoa macho. Tarakimu ya mwisho ikiwa kama sindano, ni themanini na moja. Ikiwa kama tundu la kifungo...

Tundu la kifungo! Ukungu ukayeyuka.

"Rudia, mama, tafadhali."

"Mimi birika?" Lakini akarudia. Tundu la kifungo, halina ubishi.

"Umejuaje, mama?"

"Unadhani wewe ndiye mwehu wa kwanza? Zile za kwanza, zilizokuja na kabati, nilizisugua mimi, zikang'aa kama meno ya bwana harusi. Baba mkwe wako alininunia wiki nzima. Kisha akaanza kuzipumulia."

Nadhifu akaichomeka themanini, mama mkwe akaweka santuri, mashine ikawashwa. Valvu hazina haraka, hupasha moto kwanza. Wakangoja. Jicho la kijani la redio likafumbuka polepole, santuri ikakwaruza, na sauti ikajaa chumba. Akagusa transfoma. Vuguvugu tu, kama pasi iliyozimwa kitambo.

Akajibwaga kitini bila hata kuipandisha suruali magotini.

"Suruali yako inajikunja," mama mkwe akamwambia.

"Iache ijikunje, mama."

Bibi akacheka mpaka miwani ikamteleza. Kisha akakichomoa kile kitambaa mfukoni mwa mkwewe, akakitia kwenye mkoba wake.

"Hiki naondoka nacho. Kabati nakuachia," akasema. Nadhifu akasubiri ile "sikupi" yake. Mama mkwe akageuza santuri.