Kengele ya Kamanda

Juzi, huku Hodge Hill, mtaani kwetu Birmingham, mbwa wa jirani alipita na kikengele shingoni. Nilisimama na mifuko yangu ya sokoni mpaka sauti ikaisha.

Kamanda, mbwa wetu wa kuwinda, hakuwa akibweka. Baba alimfunga kengele ya mti ili tumfuate kwa masikio, maana kwetu, karibu na Goma, mawe ya volkano yalificha kila kitu na kuchana nyayo za mbwa. Mchana mmoja, nikiwa msichana mdogo, Kamanda alimkimbiza nguruwe pori, akiacha matone ya damu njiani. Nguruwe akaingia shimoni, Kamanda naye akashuka. Kengele ikalia kidogo, ikanyamaza.

Nilichungulia. Walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu kama waliopatana. Palinuka majani mabichi tu.

"Baba, amechoka. Nishuke nimwamshe?"

Alinishika mkono mpaka ukauma. "Hapana, mama. Kuko mazuku."

Nilidhani mazuku ni mashetani, kumbe ni hewa ya sumu inayotulia mashimoni. Nilimwita baba mwoga.

Tulipomzika baba, hapa Birmingham, ndipo mama aliponiambia: kabla sijazaliwa, kaka yangu alishuka shimo kama lile kumtoa mbuzi, na baba alikuwa mbali mno kumshika mkono.