Kompyuta Iliyobaki Nyuma kwa Miaka Sita

Tarehe ya kompyuta ya ofisi haiguswi. Kila mwalimu wa shule hii ya msingi anaijua kanuni hiyo, na mgeni huelezwa kabla hajavuta kiti. Karani ameiandika kwa wino mwekundu na kuibandika juu ya kioo cha mashine, herufi kubwa tupu.

Ni saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi. Fundi mwenye umri wa miaka hamsini na minne anaegemeza baiskeli yake ukutani, anapangusa viatu mlangoni, kisha anaingia na begi la turubai begani. Wateja wake humwita Fundi Kufuli. Kazi inayomlisha ni kuirudisha ile alama ndogo ya kufuli ambayo kivinjari huionyesha pale tovuti inapofunguka kwa usalama.

Leo kufuli halipo. Kioo kimejaa onyo kwamba muunganisho si wa faragha, na kila karani anapojaribu upya, onyo linarudi vilevile.

"Umechelewa, kaka," karani anamlaki. "Tangu jana naibembeleza. Imegoma kama punda."

"Pole, dada. Umembebesha nini huyo punda?"

"Watahiniwa arobaini na watatu."

Fundi anaacha kutabasamu. Watoto hao wa darasa la mwisho lazima wasajiliwe kwa ajili ya mtihani wao kabla ya saa kumi jioni ya leo. Miaka yote fomu zilipelekwa kwa mkono. Mwaka huu zinapokewa kwa njia ya tovuti peke yake, na akaunti ya shule imewekwa ifunguke katika kompyuta hii moja tu. Mtoto asiyesajiliwa atasubiri mwaka mzima.

Fundi huyu ameifanya kazi hii kwa miaka kumi na tisa. Alianza akiwa tarishi katika ofisi ya bima, ambako kompyuta kuukuu zilikuwa zikitupwa stoo. Aliomba ruhusa ya kuzifungua wakati wa mapumziko ya mchana, akapewa, naye hakuzifunga tena mpaka alipozielewa.

Wiki njema humletea kazi kumi. Wiki mbaya, tatu. Malipo ya kazi moja hutosha nauli ya siku nne ya binti yake anayesoma chuoni. Kodi ya nyumba hulipwa na mkewe, ambaye ni mshonaji, na fundi husema hivyo bila kuulizwa.

"Mke wangu huniita daktari wa wazee," anasema huku akivuta kiti. "Namwambia, wazee wana faida yao. Mashine mpya ikiharibika hunyamaza kimya. Hizi za zamani hulalamika mpaka ujue panapouma."

Analisoma onyo lote, neno kwa neno, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi. Kisha anainama na kutazama pembe ya chini ya kioo. Tarehe iliyoandikwa pale ni ya miaka sita iliyopita.

Anaeleza kwa utulivu. Kila tovuti ya kuaminika huwa na cheti, mfano wa barua ya utambulisho, chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Cheti cha tovuti ya usajili kilianza kutumika miezi mitatu iliyopita. Kwa hesabu ya kompyuta hii, siku hiyo bado haijafika, kwa hiyo inamkataa mgeni halali aliyesimama mlangoni.

"Zamani palikuwa na mahali pa kubonyeza 'endelea'," karani anasema. "Nilikuwa napita hapo. Hii haina."

"Dada, miaka yote hiyo unapita penye onyo? Mshukuru Mungu." Anageuza kiti. "Sasa niambie, nani aliirudisha nyuma tarehe hii?"

Karani anamtazama usoni. "Wewe."

Mwalimu wa zamu aliyekuja kuchukua chaki anasahau chaki zake.

Karani anayakumbuka yote. Shule ilikuwa imenunua programu ya kuandaa ripoti za wanafunzi, yenye kibali cha mwaka mmoja. Kibali kilipokwisha, muuzaji alikuwa amefunga duka na simu yake haipatikani. Fundi akaitwa. Alirudisha tarehe nyuma, programu ikaamini kwamba kibali chake kingali hai, ikafanya kazi. Tangu siku hiyo, kila mwaka wa kibali unapokaribia kwisha ndani ya kompyuta, karani huirudisha tarehe mwanzoni mwake.

"Ulisema, 'Dada, hii ndiyo dawa yake, na usimwambie mtu.' Nikakununulia na soda."

"Soda yenyewe niliinywa?"

"Mbili!"

Fundi anacheka kidogo, kisha anavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Ulikuwa uongo, ijapokuwa aliyeambiwa alikuwa mashine, naye hatafuti jina jingine la kuupamba. "Nilikuwa kijana wa miaka arobaini na minane," anasema. Hakuna anayekubali utani huo kuwa udhuru.

Tatizo ni kwamba dawa ya ugonjwa mmoja inaua kitu kingine. Programu ya ripoti huichungulia tarehe kila dakika, na ikiona mara moja tu kwamba kibali kimepita, inajifunga kabisa. Ripoti mia mbili na kumi zinapaswa kukabidhiwa wazazi Jumamosi. Alama za madarasa mawili hazijaingizwa, na kazi hiyo peke yake ni ya siku nzima.

"Ukiigusa tarehe, ripoti zimekufa," karani anasema, mkono wake ukiwa juu ya kipanya kama mtu anayelinda mfuko wake sokoni. "Miaka sita nimeilinda hii. Usiniue leo."

Mwalimu Mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ameyasikia hayo kutoka chumba cha pili. Anaingia akiwa na daftari la mahudhurio kwapani.

"Fundi, hakuna namna ya kuvipata vyote viwili?"

"Ipo ya ujanja, Mwalimu. Naweza kujaribu kuizunguka tena. Lakini ikinishinda saa tisa, tutakuwa tumekosa usajili na ripoti pia. Na kusema kweli, nimechoka kuidanganya."

"Karani, kabla ya kompyuta ripoti tuliziandika kwa kitu gani?"

"Kwa mkono, Mwalimu."

"Mkono umeota mbawa?"

"Upo, Mwalimu."

"Basi fundi asahihishe tarehe."

Karani anaondoa mkono juu ya kipanya. Fundi anaweka siku, mwezi na mwaka wa kweli, kisha anaiwasha mashine upya. Programu ya ripoti inatokea, inatoa tangazo la mstari mmoja kwamba kibali kimekwisha, na kujifunga. Karani anageuka kutazama dirishani.

Tovuti bado inakataa.

"Haya, tumekosa mwana na maji ya moto," anasema karani.

"Subiri, dada. Onyo limebadilika. Lisome." Safari hii kivinjari kinasema hakimtambui aliyetoa cheti. Orodha yake ya wadhamini ni ya zamani, kama mlinzi wa lango aliyeachiwa majina ya mabosi waliokwisha kustaafu. Fundi anatoa flashi begini. Ndani yake amehifadhi vivinjari vya kila umri, na anachagua kile kipya zaidi ambacho mashine hii bado ina nguvu ya kukibeba, kinachokuja na orodha yake mwenyewe.

Usakinishaji unachukua dakika hamsini. Saa tano na robo, fundi anaandika anwani ya tovuti kwa vidole viwili. Ukurasa unafunguka taratibu, na juu yake, kushoto, limekaa kufuli dogo.

"Hilo hapo," anasema.

Mwalimu Mkuu anasoma majina, karani anaandika. Fundi anabaki nyuma yao hadi mwisho, maana mashine inaganda mara mbili. Saa tisa na dakika arobaini, mtahiniwa wa arobaini na watatu anaingia. Printa inatoa risiti ya usajili, na karani anaipiga busu mbele ya wote.

Mwalimu Mkuu anafungua mkoba. Fundi anakataa.

"Leo nimesahihisha kosa langu, Mwalimu. Hilo halilipwi. Kesho nitakuja kuandika."

Na Ijumaa saa moja na nusu amefika, akiwa ameahirisha kazi mbili zilizokuwa zimlipe. Mezani kuna madaftari ya alama, rula na fomu tupu mia mbili na kumi. Karani anagawa: hamsini kwa Mwalimu Mkuu, sitini kwake mwenyewe, mia moja kwa fundi.

"Mia nzima?" fundi anauliza.

"Hamsini kwa kila soda."

Wanaandika huku wakicheka. Fundi anasema zipo ofisi nyingine tatu alikoiacha dawa ile ile, mojawapo ikiwa zahanati, na kuanzia Jumatatu atazipitia moja baada ya nyingine kabla hazijakwama. Binti yake amekubali kumtafutia programu ya ripoti ya halali isiyo na malipo, ili shule ianze nayo muhula ujao.

Karani anazikagua fomu za fundi kama msimamizi wa mtihani. Anamrudishia mbili zenye jumla isiyo sahihi, na fundi anaziandika upya bila kunung'unika. Saa tisa alasiri anaweka nukta ya mwisho kwenye fomu ya mia, anaisukuma mbele ya karani na kusubiri, mikono magotini.

Karani anajumlisha alama kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha anaiweka juu ya nyingine na kuufunga mkusanyo kwa kamba.

"Zimetimia, kaka. Huna deni."